Kufunga Diski katika Kasha la Kompyuta: Vitenzi Vitatu na Ukaguzi Wake

Mtafiti arudipo kutoka Ziba, katika Wilaya ya Igunga mkoani Tabora, hali amekusanya masimulizi ya wazee, kazi yake yote yaweza kuwamo ndani ya diski moja. Mzee aliyesimulia huenda asiwepo safari ya pili. Sauti yake ikipotea hairudi. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua pembe za ndovu hadi Pwani, walijua kwamba mzigo usiofungwa vema huharibika njiani. Diski nayo ni mzigo wa namna hiyo.

Kwa kawaida twasema diski "imefungwa", kama tusemavyo juu ya taa au injini. Neno hilo ni sahihi, lakini kwa mkaguzi halitoshi, kwa kuwa ndani yake mna kazi tatu, na kila moja ina kitenzi chake.

Kwanza ni kupachika. Diski kubwa, yenye upana wa milimita 101.6, hukaa katika nafasi yake ndani ya kasha. Ile ndogo, ya milimita 70 hivi, huhitaji kitako cha kuijaliza nafasi hiyo. Yafaa isibanane na nyingine, ili hewa ya feni ipite. Wakati wa kiangazi, vumbi huziba matundu ya kasha, na joto huzidi.

Pili ni kukaza. Diski kubwa aghalabu hushikwa kwa skrubu nne, mbili kila upande. Skrubu zake si sawa na za diski ndogo. Ukizilazimisha, hesi ya tundu huharibika. Sababu ya kukaza ni hii: sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mtikisiko humpotosha msomaji wake, yaani kile kichwa kieleacho juu ya sahani. Diski za namna mpya hazina sahani. Hizo haziogopi sana mtikisiko, bali joto huzidhuru vilevile.

Tatu ni kuchomeka. Umeme ukiwa umekatwa, waya wa taarifa, wenye njia 7, na ule wa umeme, wenye njia 15, husukumwa hadi vikae barabara, bila kupindwa kwa nguvu.

Kosa kubwa la wakaguzi ni kuridhika mara kompyuta iionapo diski. Huo ni ushahidi wa kuchomeka tu. Diski iliyolegea, au iliyo karibu mno na jirani yake, nayo huonekana. Basi na iulizwe mara tatu: Imepachikwa? Imekazwa? Imechomekwa? Na hata majibu yote yakiwa ni ndiyo, hapana budi nakala ya pili iwekwe mahali pengine; kwani ufungaji mwema huirefushia diski maisha, wala hauiondolei mauti.