MBONA MBU HAUGUI MALARIA?



Msimu mmoja wa mvua, katika wodi ya watoto, mama mmoja kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa alituuliza swali. Mwanae aliletwa akiwa na degedege. Siku chache kabla alikuwa ameanza dawa, homa ikashuka, na vidonge vilivyobaki vikawekwa akiba. Sasa mtoto alikuwa amewekewa dripu. Mama akasema: "Sista, mbu ndiye anayeleta malaria. Mbona yeye haugui?"

Ni kweli, mbu hapati homa kama sisi. Lakini naye hupigana na vimelea. Mbu jike wa aina ya anofelesi akimwuma mgonjwa, hunyonya vimelea vya kiume na vya kike pamoja na damu. Vimelea hivyo huungana tumboni mwake, na baada ya kama siku moja hujaribu kutoboa ukuta wa utumbo. Hapo hukutana na kinga ya mbu. Katika damu yake mna protini zinazonata juu ya kimelea na kukiua. Mara nyingine mbu hukifunika kwa gamba jeusi hadi kife. Mwaka 1986 Frank Collins na wenzake, huko Marekani, walieleza habari za mbu waliowachagua maabara, ambao waliua vimelea kwa kuvifunika hivyo.

Basi vimelea vingi hufa. Shida ni vile vichache vinavyopona. Kimoja tu hufanya kivimbe kwenye utumbo wa mbu, na ndani yake hutoka maelfu ya vimelea vichanga vinavyokwenda kwenye tezi za mate. Penye joto, safari hiyo huchukua siku 10 hadi 14. Penye baridi, kama milimani Litembo, hukawia zaidi, na mbu wengi hufa kabla. Mbamba Bay na Liuli, kwenye joto la ziwa, vimelea hukomaa upesi. Kwa hiyo ndugu zetu wa milimani wanaoshuka kufuata usipa au mpunga wasisahau chandarua, maana miili yao haijazoea malaria.

Tena vimelea ni vijanja. Mwaka 2013 watafiti walieleza kuwa kimelea hatari zaidi cha malaria kina protini inayokificha kisitambuliwe na kinga ya mbu.

Hapa Tanzania, wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakishirikiana na Imperial College London, wanatafuta njia ya kumsaidia mbu. Mwaka 2025 walitoa matokeo kuhusu mbu waliobadilishwa chembe za urithi. Tumboni mwao hutengenezwa vitu viwili vinavyofanana na vile vya ngozi ya chura na sumu ya nyuki, navyo huzuia vimelea kukua. Kazi hiyo ilifanyika ndani ya maabara iliyofungwa.

Sisi nyumbani tufanye nini? Tusimpe mbu vimelea vya kubeba. Mgonjwa anayekatiza dawa huweza kubaki na vimelea katika damu, na mbu wa usiku ule huvichukua kwa jirani.

1. Ukiwa na homa, pima kwanza. Mtoto mwenye homa asilazwe nyumbani kusubiri kesho.
2. Dawa ya mseto ni dozi 6 kwa siku 3. Dozi ya pili ni baada ya saa 8. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, na uimalize hata kama homa imekwisha.
3. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Wavuvi wanaolala kambini nao wachukue chao.
4. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema apate dawa ya kinga.

Mtoto yule alipona. Siku ya kuruhusiwa, mama alituambia vidonge vile bado vipo nyumbani, ndani ya kopo la chumvi. Msomaji, hebu angalia kopo lako leo.