KUFUTA TAARIFA KATIKA DISKI ZA KOMPYUTA ZINAZOONDOLEWA OFISINI

Kompyuta iliyomaliza muda wake wa kazi huondoka ofisini kwa njia nyingi: hupigwa mnada, hutolewa msaada kwa skuli, hupelekwa kwa fundi, au huwekwa stoo hadi ikasahaulika. Kwa vyovyote iondokavyo, diski iliyomo ndani huweza kuondoka na majina ya wagonjwa, hati za ardhi, mishahara ya watumishi na barua za siri. Maelezo haya yanatolewa kwa wakuu wa ofisi na watunza stoo ili wachague njia ya kufuta inayolingana na aina ya diski waliyonayo.

Ifahamike kwanza kwamba amri ya kawaida ya kufuta faili haiondoi maandishi. Ni sawa na karani wa masjala aliyekata jina la jalada katika daftari, na jalada lenyewe akaliacha juu ya rafu. Kufomati kwa haraka nako ni hivyo hivyo. Watafiti wawili wa MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokwishatumika, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2003. Kati ya diski 129 zilizoweza kufanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Katika zilizosalia zilikutwa nambari za kadi za mkopo zaidi ya 5,000, na diski moja ilitoka katika mashine ya benki ya kutolea fedha.

Kwa diski ngumu ya sumaku, yaani ile yenye sahani zinazozunguka, njia ifaayo ni kuandika sifuri juu ya diski nzima, toka mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaoshikilia kwamba lazima kazi hiyo irudiwe mara 35. Hesabu hiyo ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyokusanya pamoja mbinu za kufutia diski za aina mbalimbali za wakati ule. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuna haja ya kuzitumia zote kwa diski moja. Kwa diski za sasa mara moja yatosha, mradi kazi ikamilike na ikaguliwe. Diski ya gigabaiti 1,000 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde huhitaji muda wa karibu saa 3. Kuirudia mara 35 ni siku 4, usiku na mchana, na umeme ukikatika kazi huachwa njiani.

Diski za SSD na flashi zina tabia nyingine kabisa. Ndani yake mna kidhibiti kinachohamisha maandishi huku na huko ili diski isichakae upande mmoja, tena mna nafasi za akiba ambazo kompyuta haizioni. Mtumishi anapoandika juu ya faili, maandishi mapya huenda mahali pengine na ya zamani hubaki. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hakuna programu iliyojaribiwa iliyoweza kufuta kikamilifu faili mojamoja katika diski za namna hii. Kwa hiyo hutumika amri ya kufuta diski nzima iliyowekwa humo na mtengenezaji. Nayo isiaminiwe kwa upofu: katika uchunguzi huo huo diski moja iliripoti kuwa imejifuta, na taarifa zote zikakutwa zimo.

Iliyo salama zaidi ni kuifunga diski nzima kwa msimbo wa siri tangu siku ya kwanza inapoanza kutumika. Siku ya kuiondoa, ufunguo ukiharibiwa pamoja na nakala zake zote, kilichobaki hakisomeki. Njia hii haimfai aliyeikumbuka siku ya mnada.

Mtambo wa sumaku kali hufuta diski ya sumaku na kuiharibu isitumike tena, lakini hauna athari kwa SSD. Diski mbovu isiyokubali amri, au iliyobeba siri kubwa, isagwe. Kwa SSD kila kijipande cha kumbukumbu ndani yake lazima kivunjwe, na tundu moja la msumari halitoshi. Kuitupa baharini si kufuta. Chombo cha anga Columbia kilisambaratika angani mwaka 2003, na katika diski yake moja iliyoanguka ardhini mafundi walipata asilimia 99 ya taarifa zilizokuwamo.

Kompyuta inayohamia chumba kingine cha ofisi ile ile yatosha kuandikwa sifuri ikiwa diski yake ni ya sumaku. Inayotoka nje ya Serikali yahitaji njia iliyo kali zaidi. Kabla ya yote, kumbukumbu zinazostahili kuhifadhiwa kisheria zihamishwe, kwani kilichofutwa ipasavyo hakirudi. Baada ya kufuta, daftari la stoo lionyeshe nambari ya diski, njia iliyotumika, tarehe, na jina la aliyekagua, ambaye asiwe yule aliyefuta. Mashine kubwa za kutolea nakala zikaguliwe pia, kwani nyingi zina diski ndani yake.