Je, Wajua? Njia ya Kazini, Kutoka Mtwapa Hadi Marereni

Mshahara huanza kuhesabiwa mtu akishaingia langoni. Safari ya kufikia hilo lango huwa haiandikwi popote. Ukurasa huu ni wa hiyo safari, kwa wanaoifanya kila siku katika Kaunti ya Kilifi.

Je, wajua kwamba Kilifi ni kubwa kuliko jirani yake Mombasa zaidi ya mara 50? Kilifi ina zaidi ya kilomita za mraba 12,000, Mombasa kama 220 tu. Lakini watu hawajapitana sana: sensa ya 2019 ilihesabu 1,453,787 Kilifi na 1,208,333 Mombasa. Tofauti iko kwenye ardhi ya kukanyaga kabla ya kufika kazini.

Je, wajua kwamba kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zile za waziri John Michuki, ziliweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa? Kwa hesabu ya darasani hiyo ni saa moja na nusu. Ongeza matuta, abiria wa njiani na msongamano wa Mtwapa, safari inapita saa mbili. Anayetakiwa kuwa Mombasa saa mbili asubuhi lazima awe stegi Malindi kabla ya adhana ya alfajiri kumalizika masikioni.

Je, wajua kwamba kwa wengi matatu ndiyo sehemu nyepesi ya safari? Chukua mtu anayekaa kilomita 6 ndani, mbali na lami. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, anatembea saa moja na dakika 12 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ametembea zaidi ya saa 62. Hizo ni karibu siku nane za kazi za saa nane nane, na hakuna aliyemlipa hata moja.

Je, wajua namna ya kumtambua mtu huyo? Simama kando ya lami saa kumi na mbili asubuhi, kipindi cha mvua. Atatokea kwenye kijia akiwa na ndara miguuni, matope mekundu hadi kwenye vifundo. Atachutama kando ya barabara, atoe chupa ya maji kwenye kikapu cha ukili, aoshe mguu mmoja, kisha wa pili. Viatu vya kazi vimefungwa kwenye leso, vikavu. Atavivaa, ndara zitaingia kikapuni, na atakaposimamisha gari utadhani katoka nyumba ya pili tu. Mwajiri wake naye atadhani hivyo hivyo.

Je, wajua kwamba saa ya Kiswahili ni saa ya mtembea kwa miguu? Huanza kuhesabu na macheo: saa moja asubuhi ni kama saa moja tangu kuche. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana hubadilika kwa dakika kama 20 tu mwaka mzima. Aliyeondoka nyumbani gizani Januari ataondoka gizani Julai pia.

Je, wajua kwamba mvuvi haendi kazini kwa saa ya ukutani? Maji hujaa na kupwa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo anayefuata pweza mwambani kwa miguu akitoka leo saa mbili, kesho atatoka karibu saa tatu. Huyu hupanga wiki yake kwa bamvua na maji mafu.

Je, wajua kwamba kuna safari ya kazi inayokwenda juu? Mgema huparaga mnazi na kotama yake kiunoni, akate ncha ya karara, akinge tembo, ashuke, aende mnazi mwingine. Hufanya hivyo asubuhi na jioni, wengine hata mchana. Mwenye minazi 10 ya mita 15 kila mmoja, akipanda mara mbili kwa siku, amepanda mita 300 na kushuka 300.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1991 safari ya kwenda Malindi ilikatikia Mnarani? Magari na watu walingoja feri ya kuvuka mkono wa bahari. Ndipo likafunguliwa daraja la Kilifi, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Leo mfanyakazi hulivuka bila hata kuinua macho kwenye simu.

Je, wajua kwamba kilichofunguliwa huweza kufungwa? Aprili 8, 2020, saa moja jioni, serikali ilizuia watu kutoka na kuingia Kilifi kwa sababu ya korona. Daraja la Mtwapa, lililo mpakani na Mombasa, likawa kizuizi. Mkazi wa Mtwapa mwenye kibarua Mombasa aliiona kazi yake ng'ambo ya maji kwa karibu miezi mitatu. Na Novemba 2023, mvua za El Niño ziliikata barabara ya Malindi–Mombasa pale Mbogolo.

Je, wajua kwamba bodaboda ilizaliwa mbali na Pwani? Ilianzia Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda. "Boda" ni mpaka, kutoka Kiingereza. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki. Mishikaki ya watatu unayoiona ikitoka vijijini alfajiri ni watu wanaogawana nauli ambayo mmoja hawezi kuimudu, na wanaigawana pamoja na hatari yake.

Je, wajua kwamba kuna waliowahi kwenda kazini kwa mashua ili kurusha setilaiti? Kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Ile ya Desemba 12, 1970 ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa Kenya siku hiyo ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru.

Je, wajua kwamba safari ya kazini iliwahi kukataliwa hapa? Wagiriama walipinga kutolewa makwao kwenda vibarua vya mashamba ya wakoloni. Mekatilili wa Menza aliyewaongoza alikamatwa 1913 na kupelekwa Kisii. Alitoroka 1914 akarudi kwa miguu, zaidi ya kilomita 600.

Je, wajua kwamba sheria inautambua umbali? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa mahali pa kazi au karibu napo, au amlipe pesa za kodi ya nyumba, ambazo huweza kujumuishwa kwenye mshahara. Na kwa sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka huohuo, ukisafirishwa kwa gari lililotengwa na mwajiri kukupeleka na kukurudisha, unahesabika uko kazini. Aliyepanda lori la shamba la mkonge au la chumvi ana haki njiani. Aliyejilipia bodaboda kuwahi zamu ileile yuko peke yake.

Kwa hiyo, mwajiri, kabla ya kumkata aliyechelewa dakika kumi, muulize ametoka kwake saa ngapi. Na zamu ya kwanza ipangwe kwa kufuata gari la kwanza, maana yule wa kijiani aliamka kabla yako.