Uwanja wa Mganda na Kioo cha Simu

Kwenye mashindano ya ngoma ya mganda hakuna ubao wa matokeo. Maboma mawili, yaani vikosi viwili vya wachezaji, yamecheza tangu saa nane mchana, vumbi limepanda mpaka kwenye soksi, na bado hakuna anayesimama kumtangaza mshindi. Mshindi hujulikana jioni watu wakirudi makwao. Ni wimbo upi unaoimbwa na watoto kisimani? Kapteni yupi anatajwa kwa mwendo wake, na nani alikosea kugeuka? Jirani yangu hapa Iyunga, Mbeya, mzee wa upande wa Liuli kwenye Ziwa Nyasa, mstaafu wa reli, alinifafanulia jambo hili siku moja tukiwa tumekaa nje kwake. “Mwanangu,” alisema, “mganda huamuliwa njiani.”

Njia hiyo siku hizi inapita kwenye simu. Mzee huyo hajafika kwao kwa miaka kadhaa, lakini kila kiangazi, mavuno yakiisha na vijiji vikianza kualikana, simu ya mjukuu wake haitulii. Kuna kundi la WhatsApp la watu wa kwao: wengine wako Songea, wengine Dar es Salaam, wengine Mbeya. Boma likiingia uwanjani, picha zinaruka. Mzee huvaa miwani, husogeza simu mpaka karibu na pua, na mguu wake wa kulia huanza kuhesabu hatua.

Kwa asiyeujua mganda, ni ngoma ya wanaume waliojipanga mistari, kaptula nyeupe au suruali iliyopigwa pasi, soksi ndefu, kalamu kwenye mfuko wa shati, usinga au kifimbo mkononi. Mbele yuko kapteni na filimbi yake. Ngoma kubwa ndiyo inayotoa amri ya mguu. Badala ya matarumbeta ya shaba hupulizwa vibuyu vilivyotobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui, hata sauti ikatoka na mtetemo kama ya nyuki walio ndani ya mtungi. Ng'ambo ya pili, Malawi, ngoma hii ya vibuyu huitwa malipenga. Kikosi huitwa boma, na kina vyeo vyake: mfalme, kapteni, sajini, hata daktari. Wanawake wana kioda yao, nayo ina mistari na usafi uleule. Nguo chafu ni aibu ya kijiji kizima.

Asili yake ni vita na kazi za mbali. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa pwani, Lamu na Mombasa, walianza kuunda vyama vya ngoma kwa mfano wa bendi za jeshi, wakaziita beni. Ilipofika Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi wa pande zote mbili waliichukua beni hadi bara. Huku kwetu vita vile vilipita mlangoni: Karonga ilipiganiwa Septemba 1914, na mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilivuka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, likaichukua Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, mwezi Mei, na Iringa mwezi Agosti. Waliorudi nyumbani hai walirudi na gwaride miguuni. Shaba hawakuwa nayo. Walikuwa na vibuyu.

Miji ya Tanganyika iligawanyika kati ya Marini na Arinoti, vyama viwili vya beni vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Matawi yao yaliandikiana barua kwa Kiswahili kutoka mji hadi mji, kuulizana habari za vyeo na mashindano. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza walitiwa hofu na mtandao ule, wakaupeleleza wakidhani kuna njama ya siasa. Walichokuta kwa sehemu kubwa ni mambo ya ngoma. Mwaka 1935 hofu ilirudi: wachimbaji wa shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waligoma, watu wakauawa kwa risasi Luanshya, na tume iliyoundwa kuchunguza ikauliza kama chama cha mbeni, beni ya huko, ndicho kilichobeba habari za mgomo kutoka mgodi mmoja hadi mwingine.

Nazitaja habari hizi kwa sababu wapo wanaosema simu imeingilia ngoma yetu kutoka nje, kwamba mganda ulikuwa wa kijiji na sasa umetolewa barabarani. Sikubaliani nao. Ngoma hii tangu kuzaliwa kwake imetembea na habari. Ilipanda meli na treni, ikaenda na barua, ikaenda na vijana wa Kinyakyusa waliofuata kazi kwenye migodi ya shaba. Aliyekuwa mbali alikuwa na haki ya kujua boma lake limefanyaje, na alisubiri barua miezi miwili. Leo anasubiri dakika mbili. Swali langu ni jingine: mwenye simu anafuata desturi gani anapoingia uwanjani?

Maana uwanja una desturi. Kijiji mwenyeji huwapikia wageni, na wageni wanapokula wanajifunga deni: msimu ujao watapika wao. Mtazamaji naye hasimami bure. Akipendezwa huingia kwenye mistari na kutuza, sarafu au noti kwenye kiganja cha mchezaji, kitambaa begani, vigelegele. Mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kusimamisha macho ya uwanja mzima kwa kumfuta jasho kapteni. Huko ndiko mshabiki alikoanzia kutoa habari, kwa mwili wake mwenyewe. Kila aliyeona amesema jambo mbele za watu, na wote wamejua ni nani aliyesema.

Mwenye simu anaweza kuona yote na asiseme lolote. Nimeangalia video nyingi za mganda na za ing'oma ya Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, na kinachoniuma zaidi ni ukimya wa maelezo. Hakuna jina la kijiji, la boma, la mtunzi wala mwaka. Kuna vichwa vya habari vya jumla, “ngoma ya asili kusini”, basi. Wanaume wale walishona sare kwa mwaka mzima wakiuza dagaa na mihogo, na kwenye kioo wamekuwa watu wa mahali popote.

Tena kuna kisu kinachokata nyimbo. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake ya kunasa sauti, na Wahehe wa Iringa ni miongoni mwa aliowarekodi. Kazi yake ni hazina. Leo iko katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Lakini santuri ya siku zile ilibeba kama dakika tatu kila upande, kwa hiyo wimbo ulipaswa kuishia hapo, uwe umefika au haujafika. Stetasi ya WhatsApp kwa miaka mingi ilikuwa sekunde 30. Wimbo wa mganda haujengwi hivyo. Huanza na salamu kwa wenyeji, ukaenda taratibu, ukazunguka, na penye kiini, pale penye kumsema mwenyekiti aliyekula michango au bei ya mazao, umefika robo saa. Anayekata sekunde 30 hukata mwanzoni, penye miguu mizuri, au hukata kiini na kukiacha peke yake kama tusi. Nyimbo za namna hiyo zina adabu ya kuzungusha. Ukiondoa mzunguko unabaki na matusi, na kuna uhasama wa vijiji unaoweza kuwashwa na kipande kimoja.

Kwa hiyo ningependa mshabiki mwenye simu ahesabiwe kuwa mgeni wa boma, na adabu za mgeni zimfuate. Abishe hodi kwa kapteni kabla ya kurekodi. Arekodi wimbo mzima, japo baadaye atarusha kipande. Aseme kwa sauti yake mwanzoni mwa video: hapa ni kijiji fulani, boma fulani limealikwa na boma fulani, leo tarehe fulani. Maneno machache tu, na miaka 50 ijayo mtu atajua anachotazama. Kisha airudishe. Hili la kurudisha ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kijiji chenye mtandao hafifu hakiwezi kuifuata video yake YouTube kwa bando la kununua. Lakini kadi ya kumbukumbu inapita mkono kwa mkono, na vibanda vya kurusha nyimbo vimejaa kila kituo cha basi. Boma likiiona ngoma yake nzima, sajini hana haja ya kugombana na mtu kuhusu mguu uliochelewa. Ataurudisha nyuma mara tatu, wote wautazame.

Nimesikia pia wazo la kupiga kura kwa simu ili mshindi apatikane wazi. Linapendeza kulisikia. Huko Marekani mashindano makubwa ya bendi za kuandamana, Drum Corps International, yamekuwapo tangu 1972, na majaji hugawa alama mpaka sehemu ndogo kabisa. Mshabiki wa kule akiwa mbali hufuata alama hizo kwenye simu yake. Wao wana desturi ya jedwali. Sisi kura ya simu ingetupeleka pengine: boma lenye watoto wengi mjini lingeshinda kila mwaka, na kijiji cha wavuvi wachache wenye mguu wa ajabu kingeshindwa na bando. Wimbo unaoimbwa njiani hauna bei, na ndiyo sababu uamuzi wake umeheshimiwa.

Kutuza kwa simu, hata hivyo, nakuunga mkono kwa moyo wote. Tangu M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za aina yake, mtoto wa Lituhi aliyeko Dar es Salaam anaweza kumtuza kapteni palepale wimbo ukiendelea. Ila uwanja lazima ujue. Mshereheshaji atangaze: fulani, mwana wa fulani, yuko mbali, ametuza. Vigelegele vipigwe kama vile ameingia kwenye mstari. Bila tangazo hilo tuzo inakuwa muamala tu, na mtuzaji anakosa kile alichokilipia, yaani kuonekana kwao.

Ipo pia sheria. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye kuendesha televisheni ya mtandaoni awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Vijana wanaotaka kufanya kazi hii kwa mfululizo, kijiji kwa kijiji, wanalijua jambo hilo na baadhi wamerudi nyuma. Ningefurahi maofisa utamaduni wa wilaya za Nyasa, Kyela na Rungwe wawe na mahali pa kupokea rekodi za wananchi, hata kompyuta moja yenye diski mbili, ili mshabiki asilazimike kuwa kituo cha televisheni ndipo kumbukumbu ya kijiji chake ihifadhiwe.

Hapa Iyunga penyewe gwaride letu la muziki ni la namna nyingine. Alfajiri ya Pasaka, kukiwa na ile baridi ya Mbeya inayoingia mpaka kwenye meno, Wamoravian huenda makaburini na matarumbeta yao. Ni desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, ikaja Rungwe na wamisionari waliofika 1891. Matarumbeta hayo hayashindani na mtu. Hata hivyo nimeona kule makaburini simu zikiinuliwa gizani, moja baada ya nyingine, mpaka kaburi limezungukwa na vioo, na nikaona wazee wakisita kuimba. Baadaye kijana mmoja aliishusha yake, akaifunika kwa kiganja, akaimba sauti ya pili, na waliokuwa karibu naye wakashusha zao. Jua lilipotoka kila mtu alipiga picha aliyotaka. Hakuna aliyekatazwa, na hakuna aliyekosa.

Jumapili iliyopita nilimkuta mzee wangu nje na mjukuu wake. Treni ilikuwa imeshapita, bajaji zimepungua, na kwenye simu boma la kwao lilikuwa limealikwa kijiji cha pili. Kapteni aliinua kifimbo, mistari ikageuka, wimbo ukaingia, na video ikakatika. Mzee hakuishusha simu. Mguu wake uliendelea kuhesabu, kisha sauti yake ikachukua pale ilipokatika, kwa Kinyasa, polepole, ubeti kwa ubeti. Ulikuwa wimbo wa zamani waliourudia na yeye aliujua mpaka mwisho. Mjukuu alitoa simu ya pili mfukoni, akaielekeza kwake, akabonyeza.

“Babu, rudia ule ubeti wa pili, sijaupata.”

“Subiri,” mzee akasema, akavua miwani. “Sema kwanza ni boma gani.”