Kikulacho: Balozi na Mtumishi Wake Mjini Ankara

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika kisa cha Sir Hughe Knatchbull-Hugessen, balozi wa Uingereza nchini Uturuki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nguo hizo ni nguo hasa, kwani aliyemwandalia ni mtumishi wake, Elyesa Bazna. Utumishi huo ulimwezesha kuingia chumbani bila kushukiwa na kunakili funguo kwa nta. Kuanzia Oktoba 1943, alipiga picha nyaraka za siri na kuwauzia Wajerumani, waliompa jina la Cicero. Kilichomficha ni mazoea: mabwana huiona kazi ya mtumishi, nafsi yake hawaioni.

Hata hivyo, methali hii ina upande wa pili. Noti nyingi za pauni alizolipwa Bazna zilikuwa bandia, zilizochapishwa na wafungwa katika kambi ya Sachsenhausen kwa amri ya Wajerumani hao hao. Baada ya vita aliidai serikali ya Ujerumani fidia, asifanikiwe. Alifariki mwaka wa 1970.

Je, nani alimla nani? Tunapomhakiki mhusika mtumishi katika fasihi, tusikomee kwenye usaliti wake; tuwachunguze pia waliomtumia.