Mswaki: Twaukata, Nani Aupanda?

Wengi wetu twaujua mswaki kwa kijiti cha sokoni, si kwa mti wake. Ni kichaka kibichi mwaka mzima, matawi yameinama. Majani ni manene, yameota mawili mawili yakielekeana. Ukiyatafuna huwasha kama haradali. Tunda ni dogo, la duara, likiiva huwa jekundu, nalo huliwa. Ukiona miba, huo si mswaki.

Hofu yangu ni mizizi. Hiyo ndiyo itafutwayo sana, na aing'oaye yote ameuua mti. Twaishika sunna, mti wake twaumaliza!

Basi, ndugu msomaji, twaa tunda, ondoa nyama yake, maana huzuia mbegu kuota, kisha panda. Udongo wa chumvi wauvumilia. Hukua polepole: panda wewe, wakate wajukuu.