Mfarishi Uliochuja

Mfarishi wa viraka aghalabu haushonwi kwa nguo mpya tupu, bali hukusanywa katika mabaki: upindo wa kanga iliyochakaa, pande la marekani, nguo ile ya pamba iliyopata jina lake kwa wafanyabiashara wa Marekani walioileta Unguja katika karne ya 19, na kwa mwenye kupenda uzuri, kipande cha kisutu, nguo ya bibi harusi ambayo wekundu wake ndio fahari yake, na ukikutana na maji, ndio fitina yake pia.

Shangazi yangu alinishonea mmoja wa namna hiyo, kwa mkono, masika hadi masika. Nami kwa ujinga wangu nikauloweka usiku kucha katika beseni dogo lenye maji haba. Kulipopambazuka maji yalikuwa mekundu kama ya choya, na viraka vyeupe vyote vimeingia waridi, hasa kandokando ya mishono. Nilikuwa naelekea nao kambani shangazi alipotokea ukumbini.

"Usiuanike, mwanangu. Ukikauka hivyo, basi tena. Urudishe majini."

"Majini tena, shangazi? Si ndiyo maji yaliyouharibu?"

"Yaliyouharibu ni maji machache."

Jawabu lake lilikuwa la kitaalamu kuliko alivyodhani mwenyewe. Ziko rangi zishikazo pamba kwa mshiko dhaifu, zikalegea kwa joto. Na ziko nyingine, zilizoanza kuuzwa mwaka 1956, zifungamanazo na uzi kwa kifungo cha kikemia, ila hata katika hizo sehemu fulani huungana na maji badala ya uzi, ikasalia ndani ya nguo bila makao, na kiwanda kikifanya ajizi katika kusuuza, hutoka siku ya kufuliwa. Rangi hiyo iliyolegea, ikiwa katika maji haba, hukamata pamba yoyote iliyo karibu. Ilhali katika maji mengi yenye sabuni huelea, ikamwagwa pamoja nayo. Lakini ikikauka juu ya kiraka kigeni, seuze ikipigwa pasi, kuing'oa ni kazi kubwa.

Basi tulitafuta pipa, tukatia sabuni ya maji ya kufulia na maji ya moto yapata digrii 60 za Selsiasi, joto lisilostahimilika kwa mkono, hata ikatubidi kutumia mwiko. (Mfarishi wenye hariri au sufu usitendewe hivi, nasema wa pamba.) Tukauzamisha wote na kuukandamiza kwa sahani, kwa kuwa pembe ichunguliayo nje huivuta rangi juu kama utambi uvutavyo mafuta. Tukauacha muda wa saa 12, kisha shangazi akachota maji kwa kikombe cheupe cha kauri, akayatazama penye mwanga, akayamwaga. Tulirudia mara nne, mpaka kikombe kikaonyesha maji meupe.

Jirani alishauri chumvi na siki, na sina budi kusema kwamba ushauri huo, ingawa umeenea, una nusu ya ukweli tu: chumvi hufanya kazi katika sufuria ya mtia rangi, ambamo huisukuma rangi iingie katika uzi, na siki husaidia rangi za sufu na hariri, lakini kanga iliyokwisha kuchapwa hazitaifunga. Dawa ya klorini ndiyo mbaya zaidi, maana haibagui doa na ua, fauka ya kuudhoofisha uzi. Afadhali mshonaji, kabla ya kukata, asugue kila kitambaa kwa kitambara cheupe kilichoroweshwa, akione kinachochuja.

Mfarishi ulirudia weupe wake, isipokuwa kiraka kimoja cha pembeni, ambacho hadi leo kina waridi hafifu. Ndicho nilichokuwa nimekipiga pasi alfajiri ile, kabla shangazi hajaamka, nikidhani moto utaifukuza rangi.